Anayerudi Hashuki: Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya ya Safari ya Baharini Enzi za Mdachi

Wengi wanaoanza riwaya ya safari ya kikoloni huanza na kuondoka: meli inapiga honi, leso zinapepea, kijana anatazama mwambao ukififia. Ni mwanzo mzuri, ndiyo maana kila mtu anao. Rai yangu ni kwamba uzito wa riwaya ya namna hii umo katika kurudi. Nani aliruhusiwa kurudi kwao na nani alizuiwa? Kitu gani kilipelekwa Ulaya kikabakia huko, na kipi kililetwa huku kisiondoke tena? Ukianzia hapo, maswali mengi yanayowasumbua waandishi (nani awe mhusika mkuu, hadithi imalizikie wapi, ukoloni utajwe vipi bila kuhubiri) yanapungua makali.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: meli za kampuni ya Mdachi, yaani Mjerumani, iitwayo Deutsche Ost-Afrika Linie, zilizosafiri kati ya Hamburg na mwambao wetu tangu 1890 hadi vita vya 1914. Anayetaka kuandika habari za Mreno au za Mwingereza anaweza kufuata hatua hizi hizi, ila nyaraka zake zitakuwa nyingine.

Hatua ya 1: Tafuta anayerudi

Usianze na nahodha. Nahodha ana shajara yake, ana picha yake, na ana wajukuu waliokwisha kumwandikia kitabu. Anza na mtu ambaye kurudi kwake kulikuwa na utata. Historia ya njia hii imetupa watu wa namna hiyo, na wawili kati yao wanatosha kukufundisha kazi yote.

Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, msomi wa dini aliyewahi kufanya kazi ya kukusanya kodi kwa serikali ya Kijerumani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mwaka 1904 akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata aliacha kazi, wakapanda meli kurudi Afrika Mashariki. Serikali ya koloni ikakataa ashuke na mkewe Mzungu, nao wakalazimika kurudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, akafariki Ujerumani mwaka 1927.

Tazama vizuri tarehe. Amri ya kuzuia ndoa za namna hiyo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitoka mwaka 1906. Yeye alikataliwa 1905. Sheria ilikuja nyuma ya kitendo, na hapo pana riwaya nzima.

Wa pili ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye mwenyewe akaingia jeshini akiwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya jeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu za Kijerumani. Chini ya utawala wa Nazi alikamatwa mwaka 1941, akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Nakushauri usiwafanye hawa kuwa wahusika wako wakuu. Maisha yao yanajulikana kiasi cha kukufunga mikono, wala hayajulikani kiasi cha kukulisha. Buni mtu wako, umpe tatizo linalofanana na lao, na hao wenyewe wapite pembeni: jina linalotajwa mezani, mwalimu ambaye kijana wako aliwahi kumsikia darasani.

Vitu navyo ni wasafiri. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosauria ilichimbwa Tendaguru, ikabebwa vichwani na wapagazi mwendo wa siku kadhaa hadi Lindi, kisha ikapakiwa kwenda Berlin, zaidi ya tani 200. Mnyama mmojawapo amesimamishwa katika jumba la makumbusho la huko tangu 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililopelekwa Ujerumani, lilidaiwa hata katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, lakini lilirejea Kalenga mwaka 1954 tu. Na upande wa pili, meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kupelekwa Kigoma kwa reli. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika. Waingereza wakaiopoa, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Watu wa Kigoma, Kipili na Kasanga wameipanda vizazi kadhaa bila haja ya kukumbuka kwamba jina lake la kwanza lilikuwa la gavana aliyetawala wakati wa Maji Maji.

Mwishoni mwa hatua hii uwe na sentensi moja tu: nani anarudi, na kwa nini kurudi kwake ni tatizo kwa mtu mwenye mamlaka. Kama huwezi kuiandika, usiende hatua ya pili.

Hatua ya 2: Funga mwaka, kisha ufunge mwezi

"Zamani za Mjerumani" si wakati. Chukua mwaka 1905 uone jinsi mwezi mmoja unavyoweza kugeuza hadithi. Mwishoni mwa Julai vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi. Abiria aliyeondoka Ulaya mapema mwezi huo aliondoka katika nchi inayosema koloni lake limetulia, akafika katika koloni linalowaka. Meli nyingi za abiria za wakati huo hazikuwa na simu ya upepo (simu isiyo na waya), lakini waya wa simu chini ya bahari ulikuwa umefika Zanzibar tangu 1879, na Dar es Salaam ukaunganishwa mwaka 1890. Maana yake, kutoka Aden kuja kusini abiria hajui lolote, na gavana anajua kila kitu, pamoja na majina ya walio melini. Mwandishi wa riwaya za upelelezi angelipa fedha kwa mpango kama huo. Hapa unaupata bure.

Baada ya kufunga mwezi, andika orodha ya vilivyokuwepo na visivyokuwepo. Mhusika anayeingia bandari ya Dar es Salaam mwaka 1905 ataona minara ya makanisa mawili, la Kilutheri na la Mtakatifu Yosefu, yaliyokamilika 1902. Wa mwaka 1895 hatayaona. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka huo huo wa 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, kwa hiyo mtu wako hawezi kupanda garimoshi kwenda Tabora hata akiwa na haraka ya namna gani. Fedha nazo zimebadilika mikononi mwa watu: rupia iliyokuwa na pesa 64 imeanza kuhesabiwa heller 100 tangu 1904. Mtu aliyeondoka 1900 na kurudi 1905 hajui bei ya muhogo katika mji aliozaliwa. Hiyo ni aya nzuri ya sokoni, wala haihitaji kutaja neno ukoloni.

Tafuta pia tarehe ya Kiislamu ya kila siku ya safari. Ukimweka Mwislamu melini mwezi mzima bila kujua kama ni Rajabu au Ramadhani, wasomaji wa mwambao watakugundua upesi.

Halafu upepo. Julai na Agosti kusi imeshika kasi, na pembe ya Somalia huwa na bahari mbaya. Jahazi haliteremki kutoka Arabuni kuja kwetu msimu huo, linangoja kaskazi. Meli ya moshi inateremka tu, inagongana na mawimbi, abiria wanatapika, lakini inakuja. Mwonyeshe mzee wa jahazi akiitazama kutoka Aden, akijua kwamba kalenda aliyorithishwa na babu zake imepata mshindani asiyejali msimu. Ni dhuluma isiyopigwa risasi, na ni vigumu kuikuta katika vitabu vya shule.

Hatua ya 3: Chora meli kwa mkono

Kabla ya sentensi ya kwanza, chukua karatasi kubwa uchore meli kwa ubavu: omo (mbele), tezi (nyuma), sitaha ya juu, vyumba vya daraja la kwanza katikati ambako mtikiso ni mdogo, daraja la pili, la tatu, sitaha ya wazi ya abiria wasio na chumba, falka za shehena, chumba cha mitambo, matanuri ya makaa. Huhitaji kuwa mchoraji. Unachohitaji ni ngazi na milango. Weka alama kila mlango: nani anapita, nani akipita ataulizwa, nani hapiti kabisa.

Nisisitize hapa, kwa sababu ndipo rasimu nyingi zinapovuja. Katika rasimu dhaifu meli ni jukwaa tupu. Watu wanakutana popote na kuzungumza chochote. Meli halisi ilikuwa himaya iliyokunjwa ikatiwa ndani ya chuma. Chini kabisa wapo wachochea makaa, wengi wao wakitoka Aden, Somalia, India na mwambao wetu, wakifanya kazi katika joto ambalo Bahari ya Shamu ililifanya la kuua. Juu yao shehena: huku zikija bia, saruji, vyuma na bunduki, kule zikienda pembe, mpira, kopra na katani. Juu ya shehena watu wa sitahani na mikeka yao. Juu yao wafanyabiashara wadogo na wamisionari. Juu kabisa maafisa, wenye mashamba, na wake zao walioletwa kwa sababu serikali iliogopa wanaume wa Kijerumani wangeoa wenyeji.

Sasa mpe mhusika wako chumba. Mwalimu Mswahili aliyelipia daraja la pili pamoja na mke Mjerumani atakula wapi? Nani atakataa kukaa meza moja naye, na msimamizi wa chakula atatumia udhuru gani wa adabu kuwahamisha? Yaya wa Kiswahili anayerudi na watoto wa bwana shamba analala kwenye chumba cha daraja la kwanza, sakafuni, ilhali hana ruhusa ya kukaa kwenye kiti cha sitaha hiyo hiyo. Ukishaandika majibu ya watu watano wa aina hiyo, una migogoro ya sura kumi.

Zoezi: mtembeze mhusika wako kutoka kitandani kwake hadi mahali anapoweza kuswali bila kusumbuliwa. Andika ukurasa mmoja. Kumbuka kibla kinamhama. Kutoka Suez kiko kusini-mashariki. Meli ikiwa mkabala wa Jidda kiko mashariki moja kwa moja. Akifika Aden lazima aelekee kaskazini kwa kuegemea magharibi. Atamuuliza nani meli inaelekea wapi? Afisa wa zamu aliye juu, au serangi (mkuu wa mabaharia)? Jibu lake linatuambia mengi kuhusu mtu huyu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwendo

Hii ni fupi. Meli za njia hii zilikwenda kama noti (maili za bahari kwa saa) 10 hadi 12. Kwa noti 11, siku moja ni maili za bahari 264. Suez hadi Aden ni takriban maili 1,300, siku tano. Aden hadi Dar es Salaam ni takriban 1,700, siku sita na nusu kama haipiti kwingine, na zaidi ikitia nanga Tanga na Zanzibar. Safari nzima kutoka Hamburg ilikuwa ya mwezi au zaidi. Tengeneza jedwali la siku, bandari, hali ya bahari na mwezi mbinguni, ulibandike ukutani. Kengele ya meli hupigwa kila nusu saa na zamu hubadilika kila saa nne. Mhusika wako anayehesabu saa kwa jua atakuwa na saa mbili kichwani, na hilo likijitokeza mara moja tu katika kitabu linatosha.

Hatua ya 5: Kila bandari ibadilishe hadhi ya mtu

Mpangilio ulio rahisi na wenye nguvu ni kuigawa riwaya kwa bandari: Hamburg, Lisbon, Napoli, Port Said, Aden, Tanga, Dar es Salaam. Usieleze mandhari ya kila bandari. Msomaji amekwisha kuona ngamia wa Port Said katika hadithi nyingi mno. Uliza swali moja: tangu bandari iliyopita, nani ameongezewa kitu na nani amenyang'anywa?

Hamburg mwalimu wako ni mwajiriwa wa serikali, ana barua yenye mhuri. Napoli wanapanda abiria waliokuja kwa treni kukwepa mawimbi ya Ghuba ya Biskaya: watu wa koloni, wanaojua "jinsi ya kuishi na wenyeji". Suez ndiyo mstari. Mfereji umefunguliwa tangu 1869, na kwa Wazungu wengi wa zama zile ulikuwa mlango: nguo nyeupe zinatolewa sandukuni, sauti za kuita maboi zinabadilika, na mke wa mwalimu anagundua kwamba wanawake waliomwitikia salamu Lisbon hawamwoni tena. Yeye hajahama chumba chake, ila jina la hali yake limebadilika. Aden habari zinafika. Tanga ni tumaini, kwa sababu wapo jamaa kwenye mashua. Dar es Salaam ni jibu.

Mpe mke huyo nafasi yake kamili. Waandishi wanaume, tuseme kweli, humfanya ama malaika ama mzigo. Mwanamke wa mtaa wa wafanyakazi wa Berlin aliyeolewa na Mwislamu wa Bagamoyo mwaka 1904 alikuwa na akili yake na ukaidi wake, na yawezekana alikuwa na dharau zake pia.

Hatua ya 6: Soma nyaraka ukijua nani alishika kalamu

Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya Kijerumani, na za Zanzibar zina yake. Za wizara ya makoloni zipo katika Nyaraka za Shirikisho za Ujerumani, Berlin, fungu R 1001, na sehemu kubwa imewekwa kwenye intaneti bila malipo. Hamburg kuna orodha za abiria walioondoka kuanzia 1850 hadi 1934. Hati nyingi ni za mkono, kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wa leo hawausomi bila kujifunza. Programu ya Transkribus husaidia kuugeuza kuwa herufi za kawaida, kisha ukatafuta mtu wa kukutafsiria kurasa unazozihitaji tu. Usitafsiri jalada zima. Utafilisika.

Gazeti la walowezi la Dar es Salaam, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lilitoka tangu 1899 hadi 1916. Lisome kwa ajili ya matangazo, bei, habari za meli, umbeya na hofu. Utakuta majina ya Wazungu waliofika, huyu daktari, yule mpimaji. Waliofika nao bila kutajwa ndio watu wako.

Kwa upande wetu hatuko mikono mitupu. Gazeti la Kiswahili Kiongozi lilichapwa Tanga kwenye shule ya serikali. Velten alitoa mwaka 1901 mkusanyo wa safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, pamoja na ya Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Kabla yake, Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha Berlin miaka ya 1890, aliandika habari za safari yake. Na Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi mrefu wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Soma hivi kwa kalamu mkononi, lakini usisahau kwamba vingine viliandikwa kwa ombi la Mjerumani na kuhaririwa naye. Mahali msimulizi anaposifu mno, simama. Pengine anasifu kweli. Pengine mwenye nyumba yumo chumbani.

Tenga muda wa utafiti na uuwekee mwisho. Utafiti ni mtamu, na ni kisingizio kizuri cha kutoandika.

Hatua ya 7: Lugha ya melini

Kiswahili cha riwaya yako kisiwe cha taarifa ya habari. Mtu wa Mrima, wa Unguja, Mngazija na Msomali hawasemi sawa, na Mjerumani wa koloni anasema Kiswahili cha amri, vitenzi vitupu bila adabu. Hutahitaji kuandika lahaja nzima. Chagua maneno machache kwa kila mtu uyashikilie. Mabaharia wawe na msamiati wao: tezi, omo, ngama, falka, tishari, serangi. Usiufafanue. Msomaji ataelewa kutokana na mikono ya watu.

Heshima ina ngazi. Kijana atamwita serangi mzee "baba" au "bwana serangi", naye ataitwa "mwanangu"; mwanachuoni ataitwa "mwalimu" au "sheikh" hata na mtu aliyemzidi mali. Mjerumani akimwita mwalimu huyo huyo "boi" mbele ya watu wanaomwamkia kwa heshima, huhitaji kutuambia alijisikiaje.

Barua ziandikwe kama zilivyoandikwa: kwa herufi za Kiarabu, zikianza kwa kumtaja mwandikiwa na sifa zake, salamu ndefu, "ama baada ya salamu", kisha haja yenyewe, mara nyingi katika mistari miwili ya mwisho. Umbo hilo ni zawadi kwa mwandishi, kwa kuwa hasira inaweza kusubiri chini ya ukurasa mzima wa dua.

Hatua ya 8: Andika tukio la kushuka kwanza

Usingoje sura ya mwisho. Dar es Salaam haikuwa na gati la meli kubwa zama za Mjerumani. Magati ya kina kirefu yalikamilika mwaka 1956. Meli ilitia nanga ndani ya bandari, watu wakashushwa kwa mashua na shehena kwa matishari, yaani mashua bapa za mizigo. Kwa hiyo kufika ni kitu kimoja na kushuka ni kingine. Mtu anaweza kuona nyumba ya shangazi yake na asiifikie.

Mwalimu wetu wa kubuni tumwite Sudi, na mkewe Bertina. Hili ni toleo nitakaloliita baya:

*Sudi alihisi huzuni kubwa moyoni. Aliutazama mji wake kwa machozi. Ukoloni ulikuwa umewatenganisha watu kwa rangi zao. Alijiuliza, hadi lini?*

Hakuna uongo ndani yake, wala hakuna meli, hakuna mtu wa pili, hakuna kitu mkononi. Na hili ni la pili:

*Mashua ya kwanza iliwachukua watu wa daraja la kwanza na mbwa wao. Ya pili ikachukua magunia ya barua. Afisa wa bandari alipanda ngazi na karatasi moja mkononi, akamuuliza Sudi jina lake, naye alikuwa amekwisha kulisoma.*

*"Wewe shuka. Bibi kaa."*

*Serangi alikuwa karibu. Alikunja kamba iliyokwisha kukunjwa.*

*"Nguo zangu na zake zimo ndani ya sanduku moja," Sudi alisema. "Ufunguo anao yeye."*

*Afisa alimtazama Bertina, akatazama sanduku, akaikunjua tena karatasi kana kwamba huenda imeandikwa habari za masanduku.*

Tofauti iko katika kazi za mikono. Kila mtu ana kitu cha kufanya, na mamlaka yanaonekana yakibabaika mbele ya jambo dogo ambalo halikuandikiwa amri. Andika tukio lako la namna hii kabla ya mengine, kisha urudi nyuma kuandika safari inayolifikia. Utajua sanduku linunuliwe wapi, na serangi aingie sura ya ngapi.

Hatua ya 9: Urithi wa dola usihutubiwe

Kuna kishawishi cha kuongeza mjukuu wa leo anayekuta barua kabatini. Inawezekana, lakini mjukuu huyo amechoka. Ameajiriwa katika riwaya nyingi mno. Kama unataka wakati wa leo uingie, mpe mtu wako wa leo shughuli yake: fundi wa injini ya Liemba anayetafuta kipuri, mkalimani anayelipwa kwa siku kutafsiri mazungumzo ya kurejesha mabaki ya watu, mlinzi wa makumbusho Songea siku ya Novemba 2023 ambapo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kuomba msamaha kwa mauaji ya Maji Maji. Mlinzi anawaza habari za viti vya wageni. Msomaji ataleta mengine mwenyewe: Chifu Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye kizazi chake bado kinatafuta fuvu lake, na watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 waliokufa, wengi kwa njaa iliyosababishwa makusudi.

Pima kila sura kwa swali hili: nikiondoa maneno ukoloni, unyonyaji na ubeberu, dhuluma bado inaonekana? Kama haionekani, hukuiandika; uliitaja tu.

Na usiwasafishe wetu. Wapo askari wa Kiswahili waliochoma vijiji, wapo maliwali na maakida waliotajirika, zipo familia za mwambao zilizokuwa na watumwa. Mwalimu wako mwenyewe huenda aliwahi kukusanya kodi ya nyumba kutoka kwa baba wa serangi. Ukilitia hilo katika usiku mmoja kati ya Aden na Tanga, wawili hao wakiwa hawana pengine pa kwenda, utakuwa na sura bora kuliko zote.

Hatua ya 10: Waliokufa wana wenyewe

Ukitumia jina la mtu halisi ambaye ukoo wake upo, nenda kazungumze na wazee wao kabla ya kuchapa, hasa panapohusika mabaki ya mwili, laana, au tuhuma ya usaliti. Si lazima ukubali kila wanachotaka, ila utarudi na habari ambazo jalada halina, na mara nyingine na ombi la kunyamazia jambo fulani. Badilisha jina pale unapoweza.

Hatua ya 11: Kupunguza na kupeleka

Rasimu ya kwanza ikikamilika, iache wiki kadhaa. Ukirudi, kata kwanza sura ya mwanzo. Mara nyingi riwaya inaanza kweli sura ya pili, meli ikiwa imekwisha kuondoka. Kata maelezo ya historia yanayotoka kinywani mwa wahusika wanaoambiana mambo wanayoyajua wote. Mpe mswada mtu mmoja anayejua bahari na mwingine asiyejua historia kabisa, usikilize wanapokwama.

Mswada ulio safi unaweza kuupeleka kwa wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaochapa riwaya za Kiswahili, au katika tuzo kama ya Safal ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Soma masharti ya mwaka husika, maana urefu unaotakiwa na tarehe hubadilika. Ambatisha muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema hadithi hadi mwisho wake, pamoja na kama Sudi anashuka au hashuki. Mhariri si msomaji wa kutegewa kitendawili. Mchoro wa meli uliouchora hatua ya tatu utie mwanzoni mwa kitabu, uchorwe upya na mtu mwenye mkono mzuri, na ngazi zake zote zionekane.